Maumivu ya jiwe la figo: sindano ipi, na kwa nani

Jiwe likiwa limetulia ndani ya figo, mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi bila kujua. Shida huanza siku linapoteleza na kuingia kwenye mrija mwembamba unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Maumivu huja ghafla ubavuni, chini kidogo ya mbavu, kisha hushuka kuelekea kinenani, na kwa mwanamume mara nyingi hufika hadi kwenye korodani. Mgonjwa hapati mlalo. Atakaa, atasimama, atapiga magoti, atazunguka chumba huku ameshika kiuno, na katikati ya hayo yote atatapika. Wapo wanawake waliojifungua wanaosema kwamba haya yaliwazidi uchungu wa uzazi.

Mtu aliye katika hali hiyo akifika chumba cha dharura hana hamu ya maelezo. Anataka sindano, na anataka iliyo kali kuliko zote. Kwa watu wengi, na kwa wahudumu wa afya kadhaa pia, kali kuliko zote maana yake ni mofini au pethidini, dawa za jamii ya afyuni. Dawa nyingine huonekana ni za kuanzia tu, za kumpooza mgonjwa kidogo hadi ile yenyewe ipatikane. Mpangilio huo unaeleweka, lakini kwa ugonjwa huu hauko sahihi. Majaribio ya kitabibu yaliyolinganisha sindano hizi moja kwa moja yameonyesha kwamba dawa inayodharauliwa ndiyo mara nyingi inayofanya kazi vizuri zaidi, na sababu yake iko kwenye namna maumivu yenyewe yanavyozaliwa.

Maumivu yanatoka wapi

Wengi hudhani jiwe linaumiza kwa sababu linakwaruza mrija likipita. Mikwaruzo ipo, na ndiyo huleta damu kwenye mkojo, lakini kiini cha maumivu ni mgandamizo. Jiwe likishaziba mrija, mkojo unaotengenezwa juu yake hauna pa kwenda. Unajikusanya, unatanua mrija na sehemu ya figo inayoupokea mkojo, na ngozi ngumu inayoifunika figo inavutika. Neva zilizomo humo zinapiga kelele. Kwa kuwa neva hizo huingia kwenye uti wa mgongo mahali pamoja na zile za kinena na korodani, ubongo husikia maumivu hadi huko chini, na kwa kuwa zinahusiana pia na zile za tumbo, kichefuchefu hufuata.

Kisha mwili wenyewe unaongeza tatizo. Ukuta wa mrija uliotanuka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi hufungua mishipa midogo inayoleta damu kwenye vichujio vya figo, damu nyingi zaidi ikafika, na mkojo mwingi zaidi ukatengenezwa. Ni kama bomba lililoziba mdomo halafu mtu akazidi kufungua koki. Prostaglandini hizohizo huamsha mchochota kwenye ukuta wa mrija, ukavimba na kulibana jiwe zaidi, na pia huchangia misuli laini ya mrija kukaza na kulegea kwa nguvu katika jitihada za kulisukuma jiwe. Ndiyo maana maumivu huja kwa mawimbi: yanapanda, yanashika, yanapungua, kisha yanarudi tena.

Ukiushika mzunguko huu, mengine yote yanayofuata hapa yanaeleweka kwa urahisi. Kuna dawa zinazoukata mzunguko kwenye chanzo, na kuna dawa zinazomfanya mgonjwa asiusikie huku ukiendelea. Zote zina nafasi yake, ila kazi zake ni tofauti.

Diklofenaki na ketorolaki

Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982 pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden. Ugunduzi huo haukuhusu mawe ya figo, lakini ulieleza kwa nini dawa za kundi hili, zile za kupunguza mchochota zisizo za steroidi, huwafaa sana wagonjwa hawa. Mgonjwa wa jiwe akipata diklofenaki, prostaglandini zinapungua, damu inayoingia kwenye vichujio inapungua, mkojo unapungua, mgandamizo unashuka, uvimbe wa ukuta wa mrija unatulia na misuli inaacha kukaza kwa fujo. Kwa hiyo dawa hii haimtulizi tu mgonjwa. Inapunguza kile kinachomuumiza.

Diklofenaki ya sindano hutolewa kwa kipimo cha miligramu 75, kwa kawaida ndani kabisa ya msuli wa tako. Kiwango chake kwenye damu hufika kileleni ndani ya dakika 20 hivi. Sindano hizo hazizidi miligramu 150 kwa siku, na hazikusudiwi kuendelea zaidi ya siku 2. Baada ya hapo, kama dawa bado inahitajika, mgonjwa huhamia kwenye vidonge. Ubaya wa njia ya msuli ni kwamba sindano yenyewe inauma, na mara chache huacha jipu au kuharibu ngozi na nyama za mahali ilipochomwa. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hafai kuchomwa msulini, kwa kuwa damu inaweza kuvujia ndani ya msuli.

Ketorolaki ni ya kundi hilohilo, na faida yake ni kwamba huingizwa kwa urahisi kwenye mshipa. Kwa miaka mingi kipimo kilichozoeleka mshipani kilikuwa miligramu 30. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika New York kwa wagonjwa 240 wa chumba cha dharura waliokuwa na maumivu ya aina mbalimbali. Waligawanywa katika makundi matatu: miligramu 10, 15 na 30. Baada ya nusu saa makundi yote yalikuwa yamepata nafuu sawa. Dawa hii ina dari: ukifika kwenye dari hiyo, kuongeza kipimo hakuongezi nafuu, kunaongeza hatari ya kutoka damu tumboni na ya kuumiza figo. Hili ningependa kila anayeandika cheti cha dawa alikumbuke, kwa sababu ndani yetu tuna imani ngumu kufa kwamba dawa nyingi ndiyo nafuu nyingi. Ketorolaki haitumiki kwa zaidi ya siku 5 kwa jumla, ukihesabu sindano na vidonge pamoja.

Afyuni na watoto wake

Mofini ilitenganishwa na utomvu wa afyuni mwanzoni mwa karne ya 19 na mfamasia wa Ujerumani, Friedrich Sertürner. Haigusi mrija wala mgandamizo. Hukaa kwenye vipokezi vya ubongo na uti wa mgongo na kuzuia ujumbe wa maumivu usisikike kwa ukali wake. Ikitolewa mshipani huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, na ina sifa moja ambayo diklofenaki haina: inaweza kuongezwa kidogokidogo hadi mgonjwa apate nafuu. Kipimo cha kuanzia ni kama miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito, kisha muuguzi au daktari huangalia na kuongeza kiasi kidogo kila baada ya dakika kadhaa.

Gharama yake mwilini ni kichefuchefu, kwa mtu ambaye tayari anatapika, usingizi, kuwashwa, kufunga choo, na, kipimo kikizidi, kupumua polepole hadi hatari. Kwa hiyo mahali inapotolewa lazima pawe na mtu wa kumwangalia mgonjwa, na dawa ya kuizima, naloksoni, iwe karibu. Kwa mwenye figo zilizochoka kuna tatizo la ziada: mabaki ya mofini baada ya kuchakatwa na ini hutolewa na figo, na baadhi ya mabaki hayo bado yana nguvu. Figo zikishindwa, yanajikusanya, na mgonjwa anaweza kuzidi kusinzia saa kadhaa baada ya dozi iliyoonekana ya kawaida. Hapo fentanili, dawa nyingine ya jamii ya afyuni ambayo haiachi mabaki ya namna hiyo, huwa chaguo salama zaidi.

Pethidini inastahili maneno yake peke yake, kwa sababu bado kuna mahali ambapo jiwe la figo na pethidini hutajwa kwa pumzi moja. Sababu ya zamani ilikuwa imani kwamba haikazi misuli laini kama mofini, hivyo ingefaa zaidi kwenye maumivu ya kubana. Faida hiyo haijaonekana kwa wagonjwa. Kilichoonekana ni kutapika zaidi, nafuu ya muda mfupi, na zao la kuchakatwa kwake liitwalo norpethidini, ambalo hujikusanya mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, na linaweza kuleta mitetemeko na degedege. Mwaka 2004 mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 20 yenye wagonjwa zaidi ya 1,600 na kulinganisha kundi la diklofenaki na kundi la afyuni kwenye maumivu haya. Waliopata kundi la kwanza walipata nafuu kubwa kidogo, walihitaji dawa ya nyongeza mara chache zaidi, na walitapika kwa kiasi kidogo sana kuliko wenzao, hasa wakilinganishwa na waliopewa pethidini. Waandishi walishauri kwamba kama ni lazima kutumia dawa ya jamii ya afyuni, isiwe pethidini. Nakubaliana nao kabisa. Sioni hali ya jiwe la figo ambamo pethidini ingekuwa chaguo bora kuliko mofini au fentanili zikiwapo.

Tramadoli ya sindano hutumika pia mahali ambapo mofini haipatikani au kanuni zake ni ngumu. Ni dhaifu kuliko mofini, huleta kichefuchefu sana, na huongeza hatari ya degedege kwa wenye kifafa na kwa wanaotumia baadhi ya dawa za sonona.

Parasetamoli, ambayo hakuna aliyeitegemea

Mwambie mtu anayejinyonganyonga kwa jiwe kwamba utampa parasetamoli, naye atakuona unamdharau. Hiyo si dawa ya kichwa na homa? Lakini kidonge kinachomezwa na mtu anayetapika ni jambo moja, na gramu 1 inayoingia mshipani kwa dripu ya dakika 15 ni jingine. Dripu huipandisha dawa kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu, nayo hufanya kazi zaidi ndani ya ubongo na uti wa mgongo kwa njia ambazo wanasayansi bado wanazijadili.

Jaribio lililowafanya madaktari wengi waiangalie upya lilifanyika Doha, Qatar, katika Hospitali Kuu ya Hamad, na likachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2016. Nitakaa hapa kidogo, maana ni moja ya majaribio makubwa ya aina yake na linajibu swali letu moja kwa moja. Wagonjwa 1,645 wenye umri wa miaka 18 hadi 65 waligawanywa kwa bahati katika makundi matatu: diklofenaki miligramu 75 msulini, mofini miligramu 0.1 kwa kilo mshipani, na parasetamoli gramu 1 mshipani. Mgonjwa hakujua amepata ipi, wala aliyempima maumivu hakujua. Swali lilikuwa moja: baada ya nusu saa, ni wangapi ambao maumivu yao yamepungua kwa angalau nusu?

Kwa diklofenaki walikuwa asilimia 68. Kwa parasetamoli, asilimia 66. Kwa mofini, asilimia 61. Madhara ya papo kwa papo yaliwapata asilimia 3 ya waliopewa mofini na asilimia 1 katika kila moja ya makundi mengine mawili.

Namba hizi zisomwe kwa utulivu. Tofauti ya 68 na 66 haina maana yoyote kwa mgonjwa mmoja kitandani. Inaweza kuwa bahati tu. Tofauti ya 68 na 61 ni ya kweli lakini ni ndogo: katika kila wagonjwa 100, ni 7 zaidi watakaopata nafuu hiyo. Hivyo jaribio halikusema kwamba mofini haifanyi kazi. Wagonjwa 61 kati ya 100 kwa dozi moja si haba. Lilichosema ni kwamba mofini, ikitolewa kama dozi moja ya kawaida, haizidi dawa hizo mbili, na kwamba sifa yake ya kuwa juu ya ngazi haina msingi kwenye ugonjwa huu. Ambapo diklofenaki iliachana wazi na wenzake ni kwa waliohitaji kuongezewa dawa: walikuwa wachache zaidi kuliko kwenye parasetamoli na mofini. Hilo linalingana na tulichokisema kuhusu chanzo. Anayepunguza mgandamizo hahitaji kurudi mara kwa mara kuufunika.

Kuna jambo jingine ndani ya takwimu hizo ambalo hutajwa kidogo mno. Hata kwa dawa iliyoongoza, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hakupata nafuu ya nusu ndani ya nusu saa. Mtu huyo si mwongo, wala si mtafuta dawa. Dawa haijamtosha, na anastahili nyingine mara moja, bila kuulizwa maswali ya kumshuku. Nimeona kwa uchungu jinsi wagonjwa wa maumivu makali wanavyogeuzwa watuhumiwa pale dozi ya kwanza inaposhindwa.

Kuchanganya

Kwa kuwa diklofenaki au ketorolaki hukata mzunguko kwenye mrija, na mofini huzuia ujumbe kwenye ubongo, ni jambo la kawaida kuuliza kama zikitumika pamoja zitasaidia zaidi. Jibu ni ndiyo. Jaribio la wagonjwa 130 lililochapishwa mwaka 2006 lilitoa mofini pekee, ketorolaki pekee, au zote mbili, zote kwa njia ya mshipa. Waliopata zote mbili walipata nafuu kubwa zaidi na hawakuhitaji nyongeza mara nyingi kama wenzao. Vivyo hivyo parasetamoli ya mshipani inaweza kuongezwa juu ya dawa ya kundi la diklofenaki, kwa kuwa njia zake ni tofauti na madhara yake hayarundikani.

Kisichopaswa kuchanganywa ni dawa mbili za kundi moja. Mtu aliyemeza ibuprofeni nyumbani, akachomwa diklofenaki njiani, kisha akapewa ketorolaki hospitalini, hajapata nafuu mara tatu. Amepata dari ileile na hatari mara tatu kwa tumbo na figo. Ndiyo sababu ni muhimu mgonjwa, au aliyemsindikiza, ataje kila alichotumia kabla ya kufika, hata kama alikipata kwa jirani. Parasetamoli nayo ihesabiwe: mtu mzima mwenye uzito wa kawaida asizidi gramu 4 kwa siku kutoka njia zote, na mwenye uzito chini ya kilo 50 au ini lililoathirika hupunguziwa.

Sindano za kulegeza misuli laini, maarufu ikiwa hiosini, bado hutolewa kwa wingi. Wazo lake linavutia: mrija unakaza, basi tuulegeze. Lakini majaribio yaliyoiongeza juu ya dawa nyingine hayakuona nafuu ya ziada yenye maana, na mwongozo wa mwaka 2019 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema wazi kwamba dawa za namna hiyo zisitolewe kwa maumivu ya jiwe. Mdomo unakauka, moyo unakwenda mbio, na maumivu yako palepale.

Lidokaini, dawa ya ganzi, ikitolewa kwenye mshipa ilileta matumaini katika majaribio ya mwanzo. Baadaye, ilipolinganishwa na ketorolaki, iliachwa nyuma, na kuiongeza juu ya ketorolaki hakukuwa na faida ya wazi. Inahitaji pia kuangalia mapigo ya moyo. Ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji, kwa dozi ndogo inasaidia pale nyingine zinaposhindwa au zinapokatazwa, ila baadhi ya wagonjwa huhisi wanaelea au wanatengana na miili yao, na ni vizuri waambiwe kabla. Metamizoli, dawa nyingine ya kutuliza maumivu, ni suala la nchi na nchi: Hispania, Ujerumani na Brazil huitumia sana, na chama cha madaktari wa mkojo cha Ulaya huitaja pamoja na diklofenaki miongoni mwa dawa za mwanzo, huku Marekani na Uingereza haziiruhusu kwa sababu ya hatari, adimu lakini mbaya, ya kufuta chembe nyeupe za damu.

Mwili unaopokea sindano

Hadi hapa utaona kwamba kwa mtu mzima ambaye alikuwa na afya njema kabla ya jiwe, mpangilio ni mwepesi. Anza na diklofenaki au ketorolaki. Isipotosha, ongeza parasetamoli ya mshipani au mofini kwa vipimo vidogovidogo. NICE inaweka mpangilio huohuo: kundi la diklofenaki kwanza, kisha parasetamoli ya mshipani, kisha afyuni. Lakini Doha waliwaacha nje wazee waliovuka miaka 65, na majaribio mengi ya aina hii huwaacha nje wenye figo mbovu, wajawazito na wenye vidonda vya tumbo. Hao ndio wanaohitaji fikra zaidi, na ndio tunaowakuta kila siku.

Figo kwanza. Prostaglandini zinazozuiwa na diklofenaki ndizo zinazosaidia figo iliyochoka kujipatia damu. Kwa mwenye figo nzima, dozi chache hazileti madhara yanayoonekana. Kwa mwenye figo zilizopungua sana uwezo, au mwenye figo moja tu ambayo ndiyo iliyozibwa na jiwe, dawa hiyohiyo inaweza kumsukuma hadi kwenye kushindwa kabisa kwa figo. Hatari huongezeka kwa aliyepungukiwa maji kwa kutapika, na kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu za kundi la ACE pamoja na za kukojosha. Hivyo kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, ni muhimu, ingawa kwa kijana asiye na historia yoyote hakuna sababu ya kumwacha akigaagaa akisubiri jibu la maabara. Mwulize maswali machache ya haraka, mtazame, mpe dawa. Damu ichukuliwe wakati huohuo.

Tumbo linafuata. Mwenye vidonda vya tumbo vinavyouma sasa, au aliyewahi kutapika damu, asipewe kundi hili. Mwenye pumu inayoamshwa na aspirini pia. Diklofenaki hasa ina doa kwenye moyo: tangu mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya inaikataza kwa waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, na kwa wenye moyo ulioshindwa. Kwa watu wote hawa parasetamoli ya mshipani inageuka kutoka kuwa mbadala hadi kuwa chaguo la kwanza, na mofini au fentanili ikasimama nyuma yake.

Mjamzito ana kanuni zake. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba kundi la diklofenaki liepukwe kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa linaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka; katika miezi mitatu ya mwisho linaweza pia kufunga mapema mshipa wa damu ambao mtoto anautegemea akiwa tumboni. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, na afyuni kwa dozi ndogo ikibidi, huku uchunguzi ukifanyika kwa ultrasaundi.

Halafu kuna wale ambao wanaonekana wana jiwe kumbe hawana. Mtu aliyevuka miaka 60 anayepata maumivu ya ubavu kwa mara ya kwanza maishani, hasa mvutaji sigara au mwenye shinikizo, anaweza kuwa na mshipa mkubwa wa damu wa tumboni uliovimba na kuanza kupasuka. Mwanamke wa umri wa kuzaa anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kijana mwenye maumivu ya korodani anaweza kuwa na korodani iliyojisokota, na ana saa chache tu za kuiokoa. Sindano nzuri itawatuliza hawa wote kwa muda, na hilo ni sawa. Kumnyima mtu dawa ili dalili zisifichike ni desturi ya zamani isiyo na utetezi. Kinachotakiwa ni kwamba nafuu isimzuie mtu kuendelea kutafuta chanzo.

Maji ya dripu, na baada ya nafuu

Desturi moja zaidi inahitaji kuangaliwa: kumjaza mgonjwa maji ya dripu ili jiwe lisukumwe. Ukirudi kwenye mgandamizo utaona mwenyewe tatizo liko wapi. Mrija umezibwa, na mkojo zaidi juu ya kizuizi ni mgandamizo zaidi. Majaribio hayajaona kwamba maji mengi hushusha jiwe haraka au hupunguza maumivu. Aliyepungukiwa maji arudishiwe alichopoteza, na hapo inatosha. Kunywa maji mengi kila siku ni kwa ajili ya kuzuia jiwe lijalo, na kwa kazi hiyo ni jambo jema sana.

Mgonjwa akishatulia na kuruhusiwa, diklofenaki ya vidonge kwa siku chache, kama mwili wake unairuhusu, hupunguza kurudi kwa mawimbi. Jiwe lenye upana usiozidi milimita 5 lina nafasi kubwa ya kutoka lenyewe. Katika uchambuzi uliotumiwa na chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani mwaka 2007 ilikuwa asilimia 68, na kwa mawe ya milimita 5 hadi 10 ikashuka hadi asilimia 47.

Homa ikiingia, mpango wote unabadilika. Mkojo uliozuiwa ukipata vijidudu, vijidudu hupenya kwenye damu, na mtu anaweza kufa ndani ya siku moja. Homa, baridi ya kutetemeka, kuchanganyikiwa, au kutopata mkojo kabisa ni sababu ya kurudi hospitali usiku huohuo hata kama maumivu yamepoa. Antibiotiki peke yake haitoshi hapo. Mkojo lazima ufunguliwe njia, kwa kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye figo kutokea kibofuni au kupitia mgongoni.

Na maumivu yakiisha kabisa bila mgonjwa kuona jiwe likitoka, asidhani limekwisha. Baada ya muda figo iliyozibwa hupunguza kutengeneza mkojo, mgandamizo hushuka, na mtu hujisikia mzima huku jiwe likiwa palepale na figo ikiharibika kimyakimya. Ndiyo maana hurudishwa kwa ultrasaundi au kipimo cha CT baada ya wiki chache, hata kama amekwisha kusahau upande uliokuwa ukimuuma.